Ukoko wa Matufaha

Jumatatu, 3 Machi

Leo ghala limefungua milango na mimi nimefungua jiko langu. Nasema langu kwa sababu sijui neno jingine. Meneja wa leo nilimpakulia maharage akiwa karani mwenye shati moja. Mpima uzito, ambaye sote tunamwita Mizani mpaka mkewe naye, nilimpakulia kabla hajaota ndevu. Wachumaji wakitoka shambani na wafungashaji wakitoka ghalani, wote hunyoosha sahani kwangu. Hakuna aliyewahi kuondoka na njaa, na hakuna aliyewahi kuona ukoko kwenye sufuria yangu. Wali ukishika chini, ujue mpishi alikuwa anapiga soga. Mimi sipigi soga.

Meneja aliniita ofisini. Alinikaribisha kiti kwanza, nikajua kuna jambo.

"Mama, hayo magoti tunayaona."

"Magoti yangu yamekukosea nini? Chakula kimechelewa?"

"Hakijachelewa. Ila msimu ukiisha unapumzika, tulishakubaliana. Mwenye ghala anataka kujua jiko atashika nani. Kama hakuna mtu, tunalifunga. Kuna kampuni mjini italeta chakula kwenye vijiboksi."

Vijiboksi! Watu wamebeba makreti tangu asubuhi, halafu wafunguliwe kijiboksi kama wagonjwa. Nikamwambia mtu ninaye, nikaondoka kabla hajaniuliza ni nani.

Mtu mwenyewe ni mkaza mwanangu. Mwanangu anaendesha lori la safari ndefu, na mkewe amekuja kunisaidia badala ya kukaa nyumbani kuangalia ukuta. Ana adabu, sikatai. Lakini anakata kitunguu taratibu kama anakiomba radhi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kabichi na maharage. Magoti yalijua tangu jana.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaza mwana aliniuliza habari za oveni. Ile oveni niliikuta humu, na tangu nimeikuta naweka mifuniko ya sufuria. Nikamwambia, "Hilo ni kabati."

"Kabati lenye bomba la gesi, mama?"

Alisema kwa upole kabisa, macho chini. Nikageukia sufuria haraka asije akaniona ninacheka.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imenyesha kutwa, hakuna aliyechuma. Watu wote wamejazana kantini, nguo zinatoa mvuke, na Mizani anatoa vichekesho vyake vya msimu uliopita. Kreti za matufaha yaliyoanguka zilikuwa zimerundikwa mlangoni kwangu. Yamechubuka, mnunuzi hayataki, kawaida yanapelekwa kwa nguruwe.

Mkaza mwana akaomba ruhusa. Nikampa, kwa sababu niliamini ataharibu na habari za oveni zitaisha.

Alitoa mifuniko yote akaipanga chini kwa ukubwa. Akamenya matufaha, akatupa palipooza, akayakata vipande vinene akavimwaga kwenye trei, akakamulia limau, akanyunyiza sukari na mdalasini. Kisha akachukua unga, oti zile za uji, sukari, na siagi ngumu ya kutoka kwenye friji, akaanza kuvisugua kwa ncha za vidole mpaka vikawa makombo kama ya mkate. Hakuweka maji. Nikamwambia hukuweka maji. Akasema, "Haiwekwi, mama." Yale makombo akayamwaga juu ya matufaha, hata hakuyashindilia, akasukuma trei ndani, akafunga.

Halafu hakufanya kitu. Alikaa kwenye kreti, mikono mapajani. Mpishi gani anakaa chakula kikiwa motoni? Mimi nilizunguka ile oveni mpaka magoti yakaniambia basi.

Kilipotoka kilikuwa kahawia juu, kimekauka, kimepasukapasuka, na pembeni matufaha yalikuwa yanachemka na kutoa povu. Harufu ilitangulia kufika kantini, vichekesho vya Mizani vikakatika. Nilionja. Sitaandika nilichohisi nilipoonja.

Nilichofanya ni hiki. Nilibeba trei mwenyewe mpaka mezani, nikasema kwa sauti: "Haya, leo mkaza mwanangu amewapikia ukoko!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye naye akatabasamu, lakini macho aliyainamisha. Nilifikiri nimemaliza kazi. Trei ikasafishwa kwa vijiko, kisha kwa vidole, na Mizani akaja dirishani na sahani yake mkononi.

"Mama, ule ukoko umebaki?"

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Wameulizia ukoko.

Alhamisi, 13 Machi

Jua. Wameulizia ukoko.

Ijumaa, 14 Machi

Leo umepikwa tena, na sasa kila Jumatatu na Ijumaa ni siku ya ukoko, nani amepanga sijui. Foleni inaanza kabla kengele haijalia. Maharage yangu yanaliwa haraka haraka ili watu wafike kwenye trei, kama mtu anayesalimia wazee huku anamtafuta mchumba kwa macho.

Mzee wangu alipata habari. Tangu astaafu masikio yake yamekuwa makali.

"Nasikia huko kuna ukoko, na mimi mumeo siletewi."

"Ni aibu ya jiko. Unataka nikuletee aibu nyumbani?"

"Sisi tulikuwa watoto tisa," akasema. "Mama akipakua wali tunatulia. Akianza kukwangua ukoko tunapigana. Aliyepewa alijua leo yeye ndiye anayependwa."

"Mlikuwa na njaa tu."

"Tulikuwa nayo. Lakini na ukoko tuliupenda."

Jumatano, 19 Machi

Leo ninaandika kirefu kwa sababu nikilala na jambo hili tumboni nitaota.

Mwenye ghala alikuja bila taarifa. Ni mwanamke mrefu, mkavu, haji ila mara chache, na akija hali chakula. Leo mvua ilimbana akaingia kantini. Siku ya ukoko haikuwa leo, lakini mkaza mwana alikuwa amepika trei moja ya matufaha ya jana yasiharibike. Mwenye ghala akakaa kwenye benchi kati ya wachumaji, akala, akakwangua sahani. Kantini nzima ikamtazama.

"Nani amepika hiki?"

Meneja akadakia, "Si mama yetu wa jikoni! Nani mwingine?"

Mkaza mwana alikuwa kando yangu, trei mkononi, kidole gumba amekifunga kitambaa kwa kuungua. Watu wote walikuwa wanajua. Mizani alikuwa anajua, akaanza kuchunguza dari. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa kusema neno moja la kweli. Nikasema:

"Ahsante, tumejitahidi."

Tu. Nilijificha ndani ya silabi ile, tu ya sisi sote, kama mtu aliyejibanza nyuma ya mlango huku miguu inaonekana. Si uongo, niliiambia nafsi yangu. Mwenye jiko nani? Sufuria za nani? Mwenye ghala akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na nitasema kweli, nilifurahi. Miaka yote nimewalisha watu hawa na hakuna bosi aliyewahi kunishika mkono kwa sababu ya maharage.

Kisha akasema: "Siku ya kufunga msimu nitakuja na wakulima wote wanaotuletea matufaha. Wapikie hiki. Nami nitaingia jikoni nikuone unavyokipika kwa mkono wako. Tukitoka hapo tutaongea habari za jiko, maana nikiona kitu kama hiki sina haja ya vijiboksi."

Mdomo uliponza kichwa. Mkaza mwana alipeleka trei kwenye karo akaiosha.

Alhamisi, 20 Machi

Hajasema kitu. Anakata vitunguu. Bora angenuna, ningejua pa kuanzia.

Jumapili, 23 Machi

Mkaza mwana amekwenda kuwasalimia wazazi wake. Nikaona huu ndio wasaa. Nimempikia mwanadamu kila kinachopikika, nitashindwa na matufaha? Nikawasha oveni ya nyumbani, nikafanya kila nilichomwona anafanya. Matufaha, limau, mdalasini, makombo juu. Nikasukuma ndani, nikakaa kwenye kiti kama yeye.

Nilikaa kidogo. Kisha nikafungua nione, na nilipofungua mwiko ulikuwa mkononi, na mwiko ukiwa mkononi mwangu hauwezi kukaa bure. Nikakoroga. Nikafunga. Nikafikiri chini kutashika, nikafungua nikakoroga tena.

Mzee alikula kwa kijiko. "Uji mzuri," akasema. "Una matufaha."

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Ukoko wake umetoka mzuri kuliko wa wiki iliyopita. Kwa nini?

Jumapili, 30 Machi

Safari hii sikukoroga kikiwa motoni, nilikoroga kabla. Niliona makombo hayashikani, nikayeyusha siagi na kuongeza maji kidogo, nikakanda vizuri mpaka likawa donge linaloeleweka, nikalitandaza juu ya matufaha na kulipigapiga.

Mzee aligonga kwa kisu. Akagonga kwa upande wa pili wa kisu.

"Mke wangu, hii usitupe. Lile banda la kuku linavuja."

Nilimfukuza jikoni. Kisha nikakaa peke yangu na kile kigae changu, nikalia kidogo. Sina haja ya kuficha, hiki kitabu ni changu. Sikulia kwa sababu ya trei. Nililia kwa sababu mikono hii inajua kulisha ghala zima na haijui kutulia.

Jumatano, 2 Aprili

Mwanangu amepiga simu kutoka safarini. Anasema wanafikiria kuhamia mjini msimu ukiisha. Kule kuna maegesho ya malori, na mkewe anaona asiwe mzigo kwetu.

"Mzigo? Nani amesema ni mzigo?"

"Hakuna aliyesema, mama. Lakini anasema jikoni kwako hana chake. Hata kisu anaomba."

Ni kweli. Anaomba. Nimekuwa nikiita hiyo adabu.

Akiondoka yeye, jiko limefungwa. Mimi nimekaa hapa ninagombana na siagi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua kubwa, upepo, umeme ulikatika ghalani na watu wakarudishwa nyumbani mapema. Tulibaki wawili jikoni. Alikuwa anamalizia kumenya matufaha ya ukoko wa leo. Nilivuta kreti nikakaa mbele yake, nikamwambia moja kwa moja, maana mimi maneno ya kuzunguka siyawezi.

"Ile siku ya mwenye ghala, sikukutendea haki."

Kisu kikasimama. "Siku gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Aliuliza nani amepika. Nikasema tumejitahidi."

Alinitazama usoni, jambo ambalo ni nadra. "Mama, mimi siku ile nilifurahi."

"Ulifurahi nini? Ulinyamaza wiki nzima!"

"Nilinyamaza kwa sababu niliogopa nikiongea nitaharibu. Tangu nimeolewa, mama, humu jikoni nasikia jiko langu, sufuria zangu, watu wangu. Siku ile ukasema *tu*. Nikasema moyoni, kumbe na mimi nimo."

Angenitukana ningepumua. Neno nililojificha ndani yake, mwenzangu alidhani ni mlango nimemfungulia. Alikuwa ameingia na kukaa humo, peke yake, na furaha yake.

"Basi mbona mnataka kuhama?" nikauliza.

"Ninangoja niambiwe kaa."

Nikasema, "Kaa." Kisha nikaona hilo ni neno fupi mno kwa deni kama lile, nikaongeza, "Na unifundishe."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Akaniambia alinusa uji wa matufaha Jumapili ile aliporudi, na kigae alikiona kwenye banda la kuku. Mzee alikiweka kweli! Nitaongea naye.

Tulifanya trei moja ndogo. Siagi ilikuwa baridi, akanionyesha kuichukua kwa ncha za vidole tu, kiganja kisiguse, maana kiganja kina joto. Kila nikitaka kukanda alinigusa kiwiko. "Makombo, mama. Yaache makombo." Tulipofika kwenye oveni nikawa nimeshika mwiko bila kujua nimeutoa wapi.

"Mama, mikono nyuma."

"Unaniamrisha jikoni kwangu?"

"Jikoni kwetu," akasema, akanyoosha mkono nimpe mwiko.

Nikaweka mikono nyuma. Huwezi kujua ni kazi ngumu kiasi gani mpaka uwe umekoroga maisha yako yote. Nilisikia povu linachemka pembeni, nikahesabu mifuniko, nikaangalia mvua dirishani. Alipofungua, makombo yalikuwa yamekauka yakawa kahawia, kila moja peke yake, na chini matufaha yamelainika bila kusagika. Hakuna aliyeyagusa. Nilikula sahani mbili, na sasa ninaandika nilichokataa kuandika ile siku ya kwanza: ni kitamu kuliko chochote kilichowahi kutoka kwenye jiko lile, na mimi nililijua hilo tangu kijiko cha kwanza.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimempa kisu changu kile chenye mpini mweusi. Kitunguu bado anakiomba radhi.

Ijumaa, 11 Aprili

Kulikucha mawingu, lakini mvua haikunyesha. Wakulima walikuja wamevaa viatu vya kutokea, wakakaa kwenye mabenchi wameshika magoti kama wako kwa mkwe. Meneja alikuwa anatoka jasho tangu asubuhi. Mwenye ghala aliingia jikoni, akakunja mikono ya gauni lake, akasimama karibu na meza.

"Haya, mama. Nionyeshe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mazuri, yote yakatoweka. Nikamshika mkaza mwana begani nikamsogeza mbele.

"Mwenye mkono ni huyu. Siku ile uliuliza nani amepika nikasema tumejitahidi. Nilipaswa kusema amejitahidi. Mimi nilikuwa nimesimama tu."

Mwenye ghala alinitazama muda mrefu, nami sikuinamisha macho. Nimelisha watu wake muda wa kutosha kuweza kumtazama.

"Na wewe umejuaje kwamba anaweza?" akauliza.

"Kwa sababu mimi nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa uji. Ya pili iko juu ya banda la kuku."

Akacheka kicheko ambacho sikujua anacho. Mkaza mwana akaanza kazi. Alisugua siagi, akamwaga makombo, akasukuma trei tatu ndani, akafunga mlango, akakaa mikono mapajani mbele ya bosi mkubwa kuliko wote, hana wasiwasi. Mimi nilisimama nyuma yake, mikono nyuma, kifua mbele. Nilijisikia kama mtu aliyeleta bibi harusi.

Trei zilipofika mezani mwenye ghala aliuliza kinaitwaje. Meneja akaanza kutunga jina refu la kihoteli. Kantini nzima, Mizani akiongoza, ikamjibu: "Ukoko!"

"Nani amekipa jina hilo?"

"Mimi," nikasema. Hapo sikuhitaji kujificha, hilo kweli ni langu.

Baadaye walituita ofisini. Jiko halifungwi. Mkaza mwana aliulizwa kama analitaka. Nilidhani atatazama chini. Akasema, "Nalitaka. Lakini maharage ya mama bado siyawezi, kwa hiyo Jumatano aje." Mwenye ghala akakubali, na mimi nikatia ngumu kidogo, nisionekane niko tayari sana.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimelala mpaka jua limetoka. Mzee alidhani ninaumwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Uchumaji umekwisha lakini ghalani bado wanachambua yaliyo kwenye vyumba vya baridi, na wameajiri watu wapya. Nilikaa nyumbani mpaka karibu na saa ya chakula, nikifuta meza iliyokwisha kufutwa. Kisha nikachukua fimbo na sahani yangu, nikaenda.

Sikupita mlango wa jikoni. Nilitaka kuona upande ule mwingine ulivyo, maana sikuwahi kusimama kwenye foleni ya kantini ile hata siku moja. Harufu ya mdalasini ilikuwa imefika mpaka nje kwenye mizani. Mbele yangu alikuwa mwanamke wa kuchambua, mgeni, glovu ziko mfukoni.

Aligeuka akaniona na fimbo. "Shikamoo, bibi. Wewe uko kitengo gani?"

Swali rahisi. Msimu wote uliopita ningemwambia, "Mimi ndiye kantini." Kwa dirisha nilimwona mkaza mwana akipakua, kilemba kimefungwa vizuri, akimwambia mmoja aache kusukumana na mwingine arudi kuongezewa. Mwiko ameushika chini kabisa, kama ninavyoushika mimi. Sikuwahi kumfundisha hilo. Aliniangalia tu.

"Mimi ni mama wa mpishi," nikasema.

"Mama mzazi?"

"Mama."

"Wewe!" Akageuka kuwaambia waliotangulia, "Jamani, mama wa mpishi huyu hapa!" Foleni yote ikafunguka, hadi watu wa dirishani wakasogea kunipisha, na wengine wakanishika mkono wakinipongeza kwa kumlea.

Nikawashukuru, nikakataa kupita. Nikawaambia magoti yangu leo hayana neno na kila mtu ashike zamu yake. Ukweli ni kwamba foleni ilikuwa ndefu, mbele yangu na nyuma yangu walikuwa wanamsifu mwanangu, na nilitaka kuyasikia yote.